Mate ya Mgeni

Juma lililopita mpwa wangu alirudi kutoka nchi za mbali akaniletea shali ya sufu nzito, rangi ya kahawia iliyochanganyika na nyeupe. Niliitundika uani ipate hewa, mvua ikaja bila taarifa, na nilipotoka kuianua harufu yake ikanisimamisha. Sufu iliyolowa hainuki kama ngozi ya mbuzi, wala kama kondoo wetu wenye mkia mnene, ambao manyoya yao ni mafupi kama ya ng'ombe. Hunuka kama majani makavu yaliyomwagiwa maziwa. Niliijua harufu hiyo kabla sijajua kusoma. Kwa zaidi ya misimu miwili ya mvua nililala nayo puani. Nami, ambaye wanafunzi wangu wa zamani husema hawajapata kunisikia nikipandisha sauti, niliitupa shali ile topeni nikaikanyaga kwa miguu yote miwili, mpaka mpwa wangu akatoka mbio akiuliza, "Shangazi, kuna nyoka?"

Nilimjibu kwamba hakuna. Hapa ndipo ninapomjibu sawasawa.

Ninawaandikia watu wa rika langu, ambao wamebaki wachache na hawahitaji kuelezwa kiboko kilikuwa kitu gani. Nimefundishwa, tangu shule ya misheni hadi vitabu vya Kilatini nilivyovisoma kwa taa ya mafuta, kutenganisha niliyoyaona na niliyoyasikia, na yote hayo mawili na niliyoyadhani. Nitashika utaratibu huo. Mtu mwenye hasira asiyechunga maneno yake huwapa waliomkosea nafasi ya kumwita mwongo, na mimi nafasi hiyo sitaitoa.

Tulikaa ukingoni mwa mbuga ya Bahi, mahali ambapo maji ya masika hutuama na kiangazi huacha udongo mweupe wenye chumvi. Nyumba yetu ilikuwa tembe kama nyumba zote za Wagogo: ukuta wa miti na udongo, paa bapa la udongo unaloweza kutembea juu yake, na ua wa ng'ombe katikati, hata mtu aliyelala ndani aliwasikia wakicheua. Mwendo wa nusu asubuhi kutoka kwetu kulikuwa na kituo cha Wadachi. Mkuu wake tulimwita Bwana Kipimo. Alipima mvua kwa chupa, alipima vifua vya ng'ombe kwa utepe, na siku moja alitupanga watoto mstari mmoja akatupima vichwa. Sikupata kumsikia akiuliza swali ambalo jibu lake halikuwa namba.

Baba alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa kituo. Hakuiomba kazi hiyo. Alionyeshwa kwa kidole.

Siku moja, wakati reli ilikuwa bado iko mbali nasi, wapagazi walifika kutoka pwani wakiwaongoza wanyama wawili ambao hakuna aliyepata kuwaona. Walikuwa na shingo ndefu iliyosimama, masikio yaliyopinda kama ndizi mbili, midomo iliyopasuka katikati, na sufu mpaka magotini. Mmoja dume, mmoja jike mwenye mimba. Jina lao, kama nilivyolisoma miaka mingi baadaye, ni lama: wanyama wa milima ya Amerika ya Kusini, ndugu wa ngamia wasio na nundu, ambao wenyeji wa huko huwabebesha mizigo. Watu wa kwetu waliwaita kondoo wa Mdachi, na jirani zetu walimtania Baba njia nzima: "Shemeji, kondoo wako nani kamvuta shingo?"

Bwana Kipimo alikuwa na hoja yake. Punda walikufa, wapagazi walitoroka. Nchi yetu iko juu na ni kavu, kama nchi ya wanyama wale. Kwa hiyo wangebeba mizigo yake. Akamkabidhi Baba wanyama wawili, pamoja na onyo, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba wana thamani kuliko kijiji kizima.

Baba alipomkaribia yule jike kumvua kamba, mnyama alilaza masikio nyuma, akainua pua juu, akamtemea usoni: mate mengi, ya kijani, yenye harufu ya majani yaliyochacha. Bwana Kipimo alicheka mpaka akavua kofia. Mkalimani, mtu wa pwani mwenye kanzu safi, naye alicheka, ingawa kwa uangalifu.

Lakini Bibi, mama yake Baba, alikuwa amesimama mlangoni mwa tembe. Inafaa nieleze, kwa vijana watakaosoma, kwamba kwetu mzee anapotaka kukutakia heri hukutemea mate kifuani au kipajini pa uso, kidogo tu, kama umande, na anayetemewa huinamisha kichwa. Hakuna mtoto aliyeanza safari bila mate ya bibi yake. Bibi aliwatazama wale waliokuwa wakicheka, akasema kwa sauti iliyofika kila mahali:

"Mnacheka nini? Mgeni amefika, na kabla hajapewa hata maji amembariki mwenye nyumba. Ninyi mmekaa hapa masika mangapi? Nani kati yenu amembariki mtu?"

Mkalimani hakuyatafsiri maneno hayo.

Nilikuwa na umri wa miaka saba hivi. Niliamini alichosema Bibi, na nilikiamini kama mtoto anavyoamini, bila kubakiza nafasi. Naomba msomaji asiisahau imani hiyo, kwa maana yote yaliyobaki yanatokana nayo.

Baba alikuwa mtu wa kutazama. Katika miezi michache aliwajua wanyama wale kuliko waliowaleta. Alijua kwamba hawapendi kuguswa kichwani, na kwamba ukitaka kumshika mmoja wao huendi moja kwa moja, bali unapita ubavuni pole pole, unaongea, kisha unaweka mkono penye mzizi wa shingo na kuutuliza hapo. Alijua kwamba wanatoa mlio mdogo wa kuguna, mm, mm, midomo ikiwa imefungwa, wanapokuwa na wasiwasi. Alijua kwamba hutupa mavi yao mahali pamoja tu, siku zote palepale, jambo lililomfanya Bibi amwambie mama yangu, "Huyu ana adabu kuliko kaka zako." Na alijua kwamba mmoja wao akizidishiwa mzigo hukunja miguu akalala chini, na hakuna nguvu itakayomwinua.

Hilo la mwisho Bwana Kipimo hakulijua. Alikuja na mizani, akamfungia jike mifuko ya mchanga, akaongeza, akaongeza tena, mnyama akalala. Askari akainua fimbo.

"Bwana Mkubwa," alisema Baba, "usimpige. Huyu hakasiriki, anahesabu. Mpunguzie mfuko mmoja."

Wakapunguza. Jike akainuka, akatembea. Bwana Kipimo akatoa daftari akaandika uzito. Hakuandika jina la aliyemwambia.

Dume alikufa masika ya kwanza, mwili umejaa vidonda vya kupe chini ya ile sufu. Jike alizaa asubuhi moja ya jua, mtoto dume wa kahawia mwenye shingo nyeupe, akasimama naye siku tano, siku ya sita akalala asiinuke, na safari hii hakuwa na mzigo wa kupunguziwa. Baba alitembea mpaka kituoni kutoa habari. Nilifuatana naye, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu. Alisimama chini ya baraza, kichwa wazi, akauliza:

"Bwana Mkubwa, huko kwao watoto wasio na mama hulelewa vipi?"

Mezani mbele ya Bwana Kipimo kulikuwa na vitabu; viwili vilikuwa wazi. Hakuvitazama. Alisema maneno machache, na mkalimani akayageuza:

"Bwana anasema ninyi si wachungaji? Mleeni kama mnavyowalea wa kwenu. Akifa, utajibu wewe."

Basi tulimlea kama tunavyowalea wa kwetu. Ndama aliyefiwa kwetu hakuachwa uani. Aliingizwa ndani, akalala pamoja na watoto karibu na jiko, na kazi yake ilikuwa ya wanawake na wasichana. Mimi ndiye niliyekuwa msichana wa nyumba. Nilichovya vidole katika maziwa ya ng'ombe wetu nikavitia katika kinywa kile kilichopasuka, naye akanyonya vidole mpaka ngozi ikalainika. Bibi alimpa jina ambalo kwa Kiswahili maana yake ni Mgeni. Alikula katika kibuyu changu. Nilimlambisha udongo wa chumvi kiganjani. Asubuhi aliniamsha kwa kuweka pua yake juu ya pua yangu na kupumua, hewa ya joto yenye harufu ya maziwa, na mimi nikapumua juu ya pua yake, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Nilipotoka alitoka, niliporudi alirudi. Hakuwa na mwingine wa kumwiga. Hakumwona hata mmoja wa jinsi yake tangu siku ya sita ya maisha yake.

Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyempiga. Ninaliandika hili peke yake, na ningeliandika juu ya jiwe kama ningekuwa na chombo.

Masika yakapita, na mengine. Mgeni akakua, akamzidi Baba kimo shingo ikisimama. Akaanza kulaza masikio tulipomkaribia. Akawa akitembea nyuma ya mtu karibu mno, kifua chake kikigusa mgongo. Akaanza kutema. Alimtemea Baba kila asubuhi mlangoni, akamtemea kaka ya mama yangu alipokuja kututembelea, na Bibi alipiga makofi: "Amekuwa mzee! Sasa anabariki nyumba nzima." Mjomba akajifuta uso akasema, "Bibi, baraka hizi zinanuka." Tukacheka. Mimi nilikuwa nikiinamisha kichwa, nimefumba macho, nimpokee. Nilikuwa nikisubiri zamu yangu.

Leo, nikikumbuka yule mtoto aliyeinamisha kichwa, napata hamu ya kumzaba kofi.

Reli ilipofika karibu, kazi ya Mgeni iliisha kabla haijaanza. Mzigo uliohitaji wapagazi mia ungebebwa na gari moja la moshi. Lakini Bwana Kipimo alikuwa ameandika barua nyingi juu ya wanyama wake, na mkubwa wa wajenzi wa reli alipokuja kulala kituoni, alitaka kumwonyesha angalau huyu mmoja aliyebaki. Baba aliambiwa amlete akiwa na mzigo. Wageni wawili watatu wa Kidachi walikaa vitini. Mgeni alisimama vizuri, amebeba mifuko yake, na yule mkubwa wa reli akainuka, akaja moja kwa moja mbele yake kwa mkono ulionyooshwa, akamshika kichwa.

Nilikuwa ukutani pamoja na wanawake walioleta maji. Niliona masikio yakilala. Niliona mate yakimpiga yule mtu kifuani, na, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba amebarikiwa. Kisha Mgeni akamsukuma kwa kifua, akamwangusha, akamwinamia akamuuma paja. Alikuwa na meno ya dume, makali kama ncha za kisu. Askari wanne walimwondoa.

Shauri lilisikilizwa kesho yake, jua likiwa juu, mbele ya baraza ya kituo. Mgeni alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya bendera kwa kamba ndefu. Baba alisimama peke yake katika uwanja. Sisi wa nyumbani tulikuwa nyuma ya askari. Ilijulikana wazi nini kingetokea: kama Baba angeonekana na hatia, angepata hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na jirani yetu mmoja aliyepata hesabu hiyo mwaka uliotangulia hakuinuka tena mkekani.

Bwana Kipimo alizungumza kwa utulivu, na mkalimani akafuata.

"Bwana anasema, mnyama hazaliwi na ubaya. Ubaya hufundishwa kwa fimbo. Huyu alikuja duniani mikononi mwako. Amekuwa mkali. Kwa hiyo umempiga, kwa siri, miaka miwili. Unasemaje?"

Maneno hayo, kwamba ubaya hufundishwa kwa fimbo, yalitamkwa na mtu ambaye kiboko chake kilining'inia kwenye msumari, hatua mbili kutoka kichwani pake, kikiwa kimepakwa mafuta ili kisikauke. Nimekwisha kusoma hoja nyingi mbovu katika maisha yangu, nyingine za watu mashuhuri. Sijakutana na nyingine iliyonyongwa na ukuta wake wenyewe kwa namna ile.

"Sikumpiga, Bwana Mkubwa," alisema Baba.

"Nani anajua?"

"Nyumba yangu inajua."

"Nyumba yako itasema unavyotaka."

Ndipo nilipopita chini ya mkono wa askari. Alinishika nguo, nikamwachia kipande mkononi. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili changu kibovu cha wakati ule, kwamba Baba hakumpiga Mgeni hata siku moja, kwamba Mgeni amelala nami, amekula nami, ananipenda na anatubariki wote, na kwamba ningewaonyesha.

"Rudi!" alisema Baba. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye tayari ameona. "Rudi, mwanangu, usimwendee."

Mkalimani alieleza. Bwana Kipimo akainua mkono, askari wakaniacha. "Bwana anasema, mwacheni. Mtoto atatuonyesha."

Zilikuwa hatua kumi na mbili mpaka kwenye nguzo. Najua kwa sababu nilizihesabu, kama tulivyozoea kuhesabu kila kitu mbele ya mtu yule. Mgeni alikuwa akiguna, mm, mm. Hakuwa amepewa maji tangu jana yake. Nilimwita jina lake. Alilaza masikio, akainua pua, nikaona koo lake likipanda, nikainamisha kichwa. Mate yakanipiga usoni, ya moto, yenye uchachu wa kuchoma macho. Nikageuka kuwaelekea wote, baraza na askari na majirani, uso ukichuruzika, na nilikuwa ninacheka kwa furaha.

"Mmeona?" nilisema. "Mmeona? Amenibariki!"

Sikumaliza neno. Kifua chake kilinipiga mgongoni nikaanguka, na uzito wake ukaja juu yangu, magoti na sufu na ile harufu, na meno yakaingia begani. Alama ninayo. Nilisikia wanawake wakipiga yowe. Nilisikia miguu ikikimbia. Kisha nikasikia mti ukivunjika juu ya mfupa, na uzito ukaondoka.

Baba alikuwa amesimama juu yangu, ameshika kipande cha fimbo ya kuchungia. Kipande kingine kilikuwa chini. Mgeni alikuwa amerudi nyuma mpaka mwisho wa kamba, shingo imepinda, akitikisa kichwa. Lilikuwa pigo la kwanza ambalo mnyama yule alilipata kwetu.

Bwana Kipimo aliiangalia ile fimbo iliyovunjika, akamwangalia mnyama, akaniangalia mimi chini, na usoni pake nikaona kitu ninachokijua vizuri sasa, kwa kuwa nimeishi miongoni mwa wasomi: furaha ya mtu ambaye hesabu yake imetoka sawa. Akasema sentensi moja. Mkalimani aliitafsiri huku akitazama viatu vyake.

"Bwana anasema, yametosha. Hata mtoto anachukiwa. Na mkono wako unaijua kazi hiyo."

Walimlaza Baba kifudifudi. Sitaandika namna ilivyokuwa. Nitaandika tu kwamba alihesabu yeye mwenyewe kwa sauti, kama ilivyokuwa amri, na kwamba mahali fulani baada ya kumi na nane hesabu ilisita, nao wakairudisha nyuma viboko viwili. Mgeni walimpiga risasi jioni ileile, na ngozi yake ikaanikwa barazani kichwa kikielekea chini.

Baba aliinuka mkekani baada ya siku nyingi. Hakuweza tena kuegemea ukuta wa tembe. Siku niliyopata ujasiri wa kukaa karibu naye nilimwambia, "Baba, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nisingekwenda, usingempiga."

"Fimbo ile niliipiga mimi," alisema. "Hiyo ni kweli yangu, nimeilipia, usininyang'anye. Ungenyamaza wangenipiga vilevile."

Nadhani alitaka kunipunguzia mzigo. Hakufanikiwa. Nilitaka alaani, nilitaka avunje kitu. Alikuwa anauliza kama ng'ombe wamekunywa.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya nchi baridi nilikopelekwa kusoma, nilikuta kitabu juu ya ufugaji wa wanyama wale, kilichoandikwa kwa ajili ya wafugaji wa kawaida. Ukurasa mmoja ulitosha. Ulisema kwamba lama dume aliyefiwa asilelewe kwa mkono wa mtu peke yake. Asikumbatiwe, asiingizwe nyumbani. Apewe maziwa na kurudishwa miongoni mwa wenzake. Na kama hana wenzake, ahasiwe mapema. Maana akilelewa na watu hujihesabu kuwa mmoja wao, na akishakomaa hupigana nao kama dume anavyopigana na dume mwenzake. Kutema mate, ulisema ukurasa ule, ni onyo. Masikio yaliyolala na pua iliyoinuliwa ni onyo la mwisho.

Nilisoma nimesimama, kisha nikajifungia katika choo cha maktaba nikauma mkono wangu ili nisisikike.

Mgeni hakutuchukia. Alituhesabu kuwa ndugu zake, na ndiyo sababu alitupiga. Baba alichapwa kwa ukatili, naye kosa lake lote lilikuwa kwamba mnyama yule hakuwahi kuonja ukatili. Na lile pigo lake la pekee ndilo lililohesabiwa kuwa ushahidi wa miaka miwili. Sijui kama vile vitabu viwili vilivyokuwa wazi mezani siku ile vilikuwa na ukurasa huo. Nimetafuta, sikupata kujua ni vitabu gani, na sitamshtaki mtu kwa nisichokiona. Ninamshtaki kwa nilichokiona. Mchungaji alimjia na swali lililo sahihi kabisa, swali la pekee la kisomi lililoulizwa katika kituo kile tangu kilipojengwa, naye hakuinamisha macho yake shubiri moja kulitafutia jibu.

Hiyo ndiyo hasira ninayoweza kuieleza kwa utaratibu. Ipo nyingine.

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata wamisheni walikubali kunipokea shuleni, mwendo wa siku tatu. Asubuhi ya kuondoka mama yangu alinifungia karanga katika kitambaa, na Baba akasimama mbali kidogo, kama alivyozoea tangu siku ile. Bibi alitoka mwisho, akitembea kwa kushika ukuta, macho yake yameanza kuingia ukungu. Aliweka viganja vyake vikavu mabegani pangu, kimoja juu ya kovu. Akanitakia njia nyeupe, akanitakia akili, akanitakia kurudi. Kisha akanitemea kipajini, kidogo tu, kama umande.

Mkono wangu ulipanda kabla sijauagiza. Nilifuta. Nilifuta kwa nguvu, kwa kiganja, kisha kwa nguo, mpaka ngozi ikauma.

Bibi hakuona vizuri, lakini aliona hilo. Mikono yake ilibaki hewani pale mabega yangu yalipokuwa.

"Hata yangu," aliuliza, "mjukuu wangu?"